Kucheza, kufundisha, kutangaza: yanayosemwa jukwaani na ukweli wake

Kaa kwenye ngazi za ukumbi wa Nyayo siku ya Ligi Kuu ya kikapu, timu inayopendwa ikiwa imeachwa pointi 15, na kabla ya mapumziko utakuwa umesikia makocha kumi. Yule aliye kwenye benchi hajui kitu, eti hakuwahi kuwa mchezaji wa maana. Yule anayechambua kwenye runinga naye amekwisha, ndiyo maana yuko runingani. Dhana hizi zinarudiwa sana hadi vijana wanaocheza sasa wanapanga maisha yao kwa kuzifuata.

“Aliyecheza vizuri atafundisha vizuri.”

Magic Johnson peke yake anatosha kuivuruga hii. Alitwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mara 5 akiwa mchezeshaji wa Lakers, kisha mwaka 1994 akapewa timu hiyohiyo aimalizie msimu kama kocha. Akashinda mechi 5, akapoteza 11, akaondoka. Erik Spoelstra, kwa upande wake, hakucheza hata dakika moja ya NBA. Aliingia Miami Heat mwaka 1995 kupitia chumba cha video, kazi ya kukatakata picha za mechi ili wakubwa wazitazame. Akaja kuipa timu hiyo ubingwa wa 2012 na wa 2013 akiwa kocha mkuu.

Kwetu, Morans, timu ya taifa ya wanaume ya Kenya, walirudi AfroBasket, mashindano ya ubingwa wa Afrika, mwaka 2021 baada ya kuikosa tangu 1993, wakiongozwa na Liz Mills kutoka Australia, mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume katika mashindano hayo. Wengi wanakumbuka tu mtupo wa Tyler Ongwae kule Yaoundé, muda ukiyoyoma, Kenya 74, Angola 73. Angola hao walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11.

Si kwamba kucheza hakusaidii. Mchezaji wa zamani anaheshimiwa tangu siku ya kwanza, na anajua miguu inavyokuwa mizito robo ya nne. Shida ni kwamba nyota wengi walifanya mambo bila kuyafikiria, na jambo usilolifikiria ni gumu kumweleza kijana wa miaka 19 asiye na kipaji chako. Nadhani ndiyo sababu wachezaji wa kawaida, waliokaa benchi wakitazama, mara nyingi huwa walimu wazuri zaidi.

“Runingani ni pa kustaafia.”

Hapa ndipo mashabiki wanapokosea zaidi. Tazama Golden State Warriors. Mwaka 2011 walimchukua Mark Jackson, mchezaji wa zamani aliyekuwa mchambuzi, bila kuwahi kufundisha timu yoyote ya NBA. Mwaka 2014 wakamfuta baada ya msimu wa ushindi 51, naye akarudi kwenye kipaza sauti. Nafasi yake akapewa Steve Kerr, ambaye pia alitokea runingani na pia hakuwa amewahi kuwa kocha. Mwaka mmoja baadaye, Kerr alikuwa bingwa. Leo ana vikombe 4 kama kocha juu ya 5 alivyopata akicheza. JJ Redick naye alitoka kwenye uchambuzi mwaka 2024, akakabidhiwa Lakers.

Doc Rivers ameipita njia hiyo mara mbili. Orlando walimfuta ukocha 2003, akaenda kuchambua mechi, Boston wakamchukua 2004, akawapa ubingwa 2008. Philadelphia walipomfuta 2023, alirudi runingani. Kufikia Januari 2024 alikuwa kocha wa Milwaukee.

Kuna sababu. Kocha anaifahamu timu yake moja mpaka uchovu, ilhali mchambuzi huona timu nyingi, huzungumza na makocha wa pande zote mbili kabla ya mechi, na hulazimika kueleza kwa sekunde chache kwa nini ulinzi umevunjika. Hayo ni mafunzo tosha. Kitu ambacho kipaza sauti hakifundishi ni namna ya kumwambia mchezaji mkongwe kwamba leo anaanzia benchi.

“Amecheza, hahitaji kujiandaa.”

Mwenye dhana hii ndiye anayeniudhi nikisikiliza mechi zetu. Mchambuzi amekesha akitazama NBA, kisha anakuja kuchambua mechi ya Nairobi inayochezwa kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani. Analaumu mchezaji kwa kutoomba muda wa mapumziko, wakati kwa FIBA mchezaji hana ruhusa hiyo. Ni benchi la ufundi ndilo linaloomba. Anapiga kelele kwamba beki ameupangua mpira ukiwa juu ya pete, ilhali mpira ukishaigusa pete, FIBA inaruhusu. NBA ndiyo inayokataza. Robo ni dakika 10, si 12. Faulo ya 5 inakutoa, si ya 6. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, wa Wamarekani unafika mita 7.24, kwa hiyo hata kusema “ametupa kutoka mbali mno” kunahitaji hesabu tofauti.

Halafu mtangazaji na mchambuzi si mtu mmoja. Wa kwanza anafuata mpira, wa pili anaeleza sababu. Mchezaji mstaafu akipewa zote mbili bila mazoezi, mashambulizi ya sekunde 24 humpita akiwa bado anasimulia la nyuma.

“Kwanza unacheza, kisha unafundisha, mwisho unatangaza.”

Hakuna foleni hiyo. Bill Russell aliifundisha Boston huku akiichezea, akatwaa ubingwa 1968 na 1969 akifanya kazi zote mbili.

“Mchezaji wa kulipwa ni tajiri.”

Nairobi neno “kulipwa” lina sura nyingine. Kwa miaka mingi timu kubwa za kikapu nchini zimekuwa za waajiri: Ulinzi ni ya jeshi, KPA ni ya bandari, Equity ni ya benki. Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, mwaka 2025, imeanza kubadilisha picha hiyo, lakini ni klabu moja. Kwa hiyo ukimwona mchezaji wa hapa anafundisha shule jioni na kuchambua mechi wikendi angali anacheza, usiseme amekata tamaa. Anaanza kazi ya pili mapema, kabla goti halijamwamulia.