Je, wajua seli B za kinga haziishi mpaka ziambiwe ziishi?

Ukishuka kutoka Mbeya mjini, penye mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukapita Tukuyu hadi Kyela kando ya Ziwa Nyasa, unaacha baridi nyuma na kuingia kwenye joto la mpunga, kakao na mbu. Tofauti hiyo ya mwinuko inagusa hata maisha ya seli moja katika damu ya mtoto.

Seli B ndizo zinazozaa kingamwili. Huanzia kwenye uboho wa mifupa, kisha huhamia kwenye wengu na mitoki. Kila moja hubeba ndani yake protini za kujiua, kwa hiyo isipopata ishara ya kuizuia, hufa.

Ishara hizo hupita njia mbili. Kipokezi, yaani protini iliyo juu ya seli B inayonasa vijidudu, hutuma ishara hafifu muda wote, hata pasipo mdudu wa kunasa. Njia ya pili ni protini iitwayo BAFF, iliyotambuliwa mwaka 1999, inayotolewa na seli nyingine za mwili. BAFF ikishika kipokezi chake juu ya seli B, protini ya NIK, ambayo kwa kawaida huvunjwa mara tu inapotengenezwa, huanza kujikusanya. NIK husababisha protini ya p100 ikatwe. Kipande kinachobaki, p52, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni zinazozuia kifo.

BAFF haitoshi seli zote, na ni heri. Ikizidi, seli zinazoshambulia mwili wenyewe huponea chupuchupu, kama ilivyo kwa baadhi ya wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili. Belimumab, dawa inayoizuia BAFF, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011.

Sasa turudi Kyela, kwenye joto na mbu wa malaria. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, alieleza saratani ya taya kwa watoto, ambayo huanzia kwenye seli B. Baadaye aligundua kuwa ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako malaria ni haba. Malaria ya mara kwa mara huchochea seli B zigawanyike mno, na katika pilikapilika hizo jeni ya MYC, inayochochea seli kugawanyika, inaweza kuhamia kromosomu nyingine na kufanya kazi kupita kiasi. MYC iliyopitiliza ingeiua seli yenyewe, lakini virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964, huisaidia isife.

Uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha, ndani ya siku chache tu. Mzazi akiona taya la mwanawe limevimba hivyo, asingoje akidhani ni jino bovu. Amwahishe hospitali, kwa sababu dawa za saratani huwaponya watoto wengi wanaofikishwa mapema.