"Hiyo si Dawa, ni ya Kikohozi Tu"

Kila mteja anayefika dirishani kwangu famasi namuuliza kabla sijamkabidhi chochote: kuna dawa nyingine unayotumia? Mwezi uliopita nilimuuliza mama mmoja aliyekuja kuchukua dawa zake za presha. Akasema hakuna. Alipofungua mkoba atoe kadi ya kliniki nikaziona chupa mbili za dawa ya kifua, moja imebaki robo.

"Mama, na hizi je?"

"Aa, dokta, hiyo si dawa. Ni ya kikohozi tu."

Nilimkalisha nikampima presha: 168 kwa 102. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, vidole vinatetemeka, na siku nne hajalala vizuri. Alikuwa ameshajiaminisha kwamba presha imempanda kwa mawazo. Jibu lake nalisikia karibu kila wiki, kwa wazee na kwa vijana, kwa waliosoma na wasiosoma, na nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja huku foleni inasubiri.

Dhana inayonichosha kuliko zote: inauzwa bila cheti, kwa hiyo haina madhara

Dawa kuuzwa bila cheti cha daktari maana yake ni moja tu: mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, akisoma maelekezo na kushika dozi, anaweza kuitumia kwa siku chache bila kusimamiwa. Hakuna popote palipoandikwa kwamba ni ya kunywa kama soda, au kwamba mwenye presha, kisukari, tezi dume au mimba anaruhusiwa kujihudumia.

Tena chupa moja ya dawa ya kifua mara nyingi si dawa moja. Chupa ya kwanza ya yule mama ilikuwa na salbutamoli, bromheksini na guaifenesini. Ya pili ilikuwa na pseudoefedrini, klorofeniramini na dekstrometofani. Dawa sita tumboni, nami naambiwa hakuna.

Tuanze na salbutamoli, maana ndiyo imejaa kwenye sirapu za "kufungua kifua". Ni dawa ile ile iliyomo kwenye pampu ya bluu ya wenye pumu. Tofauti ni kwamba pampu hupeleka mikrogramu 100 kwa kila mpulizo moja kwa moja kwenye mapafu, wakati kijiko kimoja cha sirapu ya salbutamoli, mililita 5, kwa kawaida hubeba miligramu 2, yaani mikrogramu 2000, na zote hupitia tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kifuani. Njiani zinaupitia moyo, zinaupitia na msuli wa mkono. Ndiyo sababu mtu anatetemeka akishika kikombe, moyo unamdunda, na mwenye kisukari anaweza kuona sukari imepanda. Na kwa mtu asiye na pumu, ambaye kifua hakipigi miluzi, salbutamoli haimsaidii kikohozi hata kidogo. Anabeba madhara bila faida.

Pseudoefedrini hukaza mishipa ya damu. Ikikaza ya puani, pua iliyoziba inafunguka, na hapo mteja anafurahi. Lakini dawa haichagui mishipa ya puani peke yake. Presha hupanda, usingizi unakata, na mzee mwenye tezi dume anaweza kusimama chooni mkojo usitoke. Mwanzoni mwa 2024 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha onyo kwamba mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, na mwenye ugonjwa mkali wa figo, asiitumie kabisa, kwa sababu ya hatari ya mishipa ya damu kwenye ubongo. Hii ndiyo dawa aliyokuwa akiinywa mama mwenye kadi ya kliniki ya presha.

Klorofeniramini, dawa ya mzio, inaleta usingizi, inakausha mdomo, inafunga choo na mkojo, na haifai kwa mwenye presha ya macho. Halafu inakausha ute pia. Sasa fikiria: chupa moja ina bromheksini ya kulainisha makohozi, nyingine ina klorofeniramini ya kuyakausha, na juu yake dekstrometofani inayoiambia akili iache kukohoa. Makohozi yatatokaje? Dekstrometofani yenyewe ikikutana na baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini, inaweza kumletea mtu homa, jasho, mkanganyiko na mtetemo unaohitaji hospitali.

Na parasetamoli, ambayo wengi hawajui kwamba imejificha kwenye vidonge vya mafua. Vingi vina miligramu 500 kila kimoja. Mtu anameza viwili mara tatu kwa siku kwa ajili ya mafua, kichwa kikigonga anaongeza Panadol mbili mara tatu. Hiyo ni gramu 6. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24. Siku ya kwanza anaweza kusikia kichefuchefu kidogo tu, au asisikie kitu. Ini huanza kulalamika siku ya pili au ya tatu, wakati ambapo hakuna anayekumbuka vile vidonge.

Ninachowaomba wateja wangu wote ni kitendo cha sekunde kumi: geuza chupa. Mbele kuna picha ya mapafu na majani ya mnanaa. Nyuma, kwa herufi ndogo, kuna viambato. Majina yameandikwa Kiingereza lakini ukiyatamka yanasikika kama nilivyoyaandika hapa. Hesabu yapo mangapi. Mimi mwenyewe nikiulizwa nachagua dawa yenye kiambato kimoja kwa tatizo moja: kama shida ni makohozi mazito, ya kulainisha makohozi peke yake, na maji mengi. Huna sababu ya kununua dawa nne ili upate moja unayoihitaji. Na ukija famasi au duka la dawa muhimu, njoo na chupa uliyokwisha kuitumia. "Ile ya chupa ya kahawia yenye kizibo cheupe" hainisaidii, maana rafu nzima ni chupa za kahawia.

"Ikimlaza mtoto, ujue inafanya kazi"

Hii inanitia hofu. Usingizi ni madhara ya dawa ya mzio iliyomo ndani, haukitibu kifua. Mtoto mwenye nimonia aliyelewa prometazini, mojawapo ya dawa hizo za mzio, atanyamaza, mama atashukuru, na huku pumzi inazidi kuwa mbaya. Prometazini haitakiwi kabisa chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kusimamisha upumuaji. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha dawa za kikohozi na mafua zisizo na cheti zisitumike kwa watoto chini ya miaka 2, na watengenezaji wa huko wakaandika kwenye maboksi chini ya miaka 4. Uingereza mwaka 2009 ilipandisha hadi miaka 6. Sababu ni kwamba hazikuonekana kuwasaidia watoto, ila madhara yake, moyo kwenda mbio, degedege na kupoteza fahamu, yalionekana.

Mimi chini ya miaka 6 siuzi, hata mama akinuna. Namwambia aendelee kunyonyesha au kumpa vinywaji vya uvuguvugu, adondoshee maji ya chumvi puani, na kama mtoto ametimiza mwaka mmoja, asali kijiko kidogo kabla ya kulala. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku. Kisha namfundisha kuhesabu pumzi, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi chini ya 5 akifikisha 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, hapo ni kituo cha afya, usiku huo huo.

"Kijiko ni kijiko"

Hapana. Kijiko cha chai cha nyumba moja si sawa na cha jirani. Dozi inahesabiwa kwa mililita. Tumia kikombe kilichokuja na kizibo, na kikipotea njoo uniombe bomba la sindano lisilo na sindano.

"Ya mitishamba haina kemikali"

Urukususu (kwa Kiingereza licorice) ni mmea wenye mzizi mtamu, na umo kwenye dawa nyingi za asili za kikohozi. Ukitumiwa kwa wingi unapandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Mwenye presha ageuze na chupa hiyo pia.

"Makohozi ya kijani, nipe na antibiotiki"

Rangi hiyo inatokana na chembechembe za kinga za mwili wako, na virusi vya mafua vinaileta pia. Siuzi.

"Tangu zile za Gambia, dawa zote za maji ni sumu"

Hili linahitaji kutenganishwa, kwa sababu ninaelewa hofu yake. Mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walifariki Gambia, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari mwezi Oktoba kuhusu sirapu nne zilizokutwa na dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Hivyo si viambato vya dawa. Ni vimiminika vya viwandani vinavyoua figo, vilivyopenya kwenye sirapu kwa sababu malighafi hazikupimwa ipasavyo. Dalili yake kubwa ni mtoto kutapika na kisha mkojo kupungua au kukata kabisa. Madhara niliyoyaeleza juu ni jambo jingine: hutokea hata kwa dawa iliyotengenezwa vizuri. Nunua palipo na kibali na upewe risiti, usinunue kwenye basi wala sokoni. Hata hivyo risiti haimlindi mwenye presha dhidi ya pseudoefedrini.

"Haijapona, niongezee chupa nyingine"

Kikohozi cha mafua kinaweza kuburuza hadi wiki tatu kisha kikaisha chenyewe. Lakini kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Vituo vya serikali havitozi kipimo hicho wala dawa zake. Mwenye virusi vya UKIMWI asisubiri hata hizo wiki mbili.

Na kama unatumia dawa ya presha, soma jina lake. Kaptopri, enalapri, lisinopri: kundi hili linaleta kikohozi kikavu cha kuwasha koo kwa takribani mtu mmoja kati ya kumi, wakati mwingine miezi baada ya kuianza. Yule mama alikuwa anatumia enalapri. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, kimeanza miezi miwili nyuma, hana homa, hajapungua uzito. Alikuwa anatibu madhara ya dawa ya presha kwa dawa inayopandisha presha. Nilimwandikia daktari wake barua fupi na kuambatanisha majina ya vile viambato sita. Makohozi yakapimwa, hakuna kifua kikuu, akahamishiwa losatani. Kikohozi kilichukua wiki tatu kukata, na katika wiki hizo alinywa maji ya tangawizi na asali tu.