Kofia haikufichi, bana

Jana niko juu ya ngazi Kondele navuta waya ya kamera kwa duka la simu, kijana mmoja akasimama chini akaniambia ati yeye kasino haimjui juu huingia na kofia, miwani nyeusi na barakoa. Nikashuka. Hii stori nimechoka nayo, wacha niandike mara moja, ijayo nitakuwa natuma linki tu.

Nilikaa miaka minne kwa chumba cha kamera cha kasino moja hapa Kisumu. Mtu akiingia saa nne usiku na miwani nyeusi, unadhani tulikuwa tunaangalia nani? Umejichagua mwenyewe. Na sura yako haikunisumbua hata, mimi nilikuwa naangalia mkono. Kwa blekjeki, ule mchezo wa karata wa kutafuta 21, nilikuwa nahesabu karata pamoja na wewe, 2 mpaka 6 ikitoka naongeza moja, 10, picha au esi natoa moja, sasa hesabu ikipanda, yaani karata kubwa ndizo zimebaki, na wewe uliyekuwa ukiweka 500 ghafla unaweka 5,000, halafu karata zikichanganywa unarudi 500, hata uvae gunia nimekujua. Ken Uston, mhesabu karata maarufu kule Marekani, alijibadilisha sura kila namna na bado akawa anatolewa. Kilichomsaidia Atlantic City ni korti, 1982, Mahakama ya Juu ya New Jersey iliposema kasino haiwezi kumfungia mtu mlango kwa kuhesabu karata tu.

M-Pesa sikai sana hapo, ukilipa nayo umejiandikisha. Kadi ya mteja ndiyo inaandika ulikaa saa ngapi, meza gani, dau lako la kawaida ni ngapi, yaani ile soda ya bure umeilipia. Tumia keshi, kataa kadi. Lakini keshi ya kuanzia dola 15,000 kasino lazima iripoti kwa serikali, hapo usijaribu ujanja.

Sasa kinachonichoma ni mdomo. Jamaa anaficha uso kwa mlango halafu usiku huo huo anaposti kwa grupu ya Telegram, "kuna dila mpya meza ya pili, akijipa karata ya chini inaonekana, kujeni mapema." Dila ni yule anayegawa karata, na hiyo ya chini ndiyo hufai kuiona. Grupu ya watu mia tatu! Unawajua wangapi? Kesho yake wakaja watano, wakakaa kiti cha mwisho kwa zamu, na huyo dila tulishamhamisha ruleti tangu mchana. Walinunua soda wakaenda. Ile timu maarufu ya kuhesabu karata ya wanafunzi wa MIT, chuo cha Marekani, hawakushikwa kwa sura peke yake, wapelelezi wa Griffin, kampuni iliyokuwa inatafutia kasino wachezaji kama hao, waliona anwani nyingi ni za Cambridge, mji wa hicho chuo, wakaenda kufungua vitabu vya picha vya chuo. Marafiki zako ndio wanakuchora.

Na sisi pia tulikosea, hii hawakuambii. Kuna mzee tulimkataza kuingia miezi miwili juu alifanana na mtu wa picha tuliyotumiwa WhatsApp. Alikuwa mwalimu, anacheza vibaya kabisa. Hao Griffin wenyewe walishtakiwa na wachezaji ambao Griffin iliwaita matapeli, Griffin ikashindwa, 2005 wakaomba kinga ya kufilisika. Mpaka leo sijui kama ilikuwa haki kuweka picha ya mtu ambaye kosa lake ni kufikiria vizuri.

Dawa ninayoiamini ni ya kuchosha: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu uandikie kasino uulize wana nini yako, na wakiwa na uongo wairekebishe. Wakikupiga picha na chipu mezani waiposti bila idhini yako, lalamika kwa Kamishna wa Data. 2023 klabu moja Nairobi ilipigwa faini ya 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kwa miaka yangu minne pale, ni wateja wawili tu waliowahi kuandika kuuliza.

Na mkiwa mnajiuliza ile posti ya dila ilitufikia aje, ni mimi. Niliingia kwa grupu na picha ya jezi ya Gor. Kazi niliacha, grupu bado niko.