Historia ya sekondari ianzie Isamilo na Mwaloni, madesa yafuate baadae

Wazazi wa hapa Mwanza wakituuliza kuhusu somo la historia swali lao huwa ni moja tu, mtoto asomeje ili afaulu, na jibu lililozoeleka mtaani na kwenye tuisheni ni akariri. Akariri pointi sita za sababu za ukoloni, pointi sita za madhara yake, miaka na majina, halafu akaingie kwenye pepa ayatapike yote. Sisi ambao kazi yetu ni kuwaandaa walimu wa historia hatusemi kukariri hakuna kazi, tarehe lazima uzijue, ila mtoto aliyebeba pointi sita bila kujua zimetoka wapi ukimgeuzia swali kidogo tu anabaki anakodoa macho. Historia ni kuuliza: nani kasema hivi, alijuaje, alikuwa anamwambia nani. Na kwa maswali hayo Mwanza tumebarikiwa kweli kweli, shida hatuyatumii.

Tuanze na Speke, yule mpelelezi Mwingereza, maana hakuna kitabu kisichomtaja. Pale mnara wa saa mjini kuna bamba linalosema tarehe 3 Agosti 1858 Speke akiwa kilima cha Isamilo aligundua chanzo kikuu cha mto Nile. Mwalimu wapeleke watoto pale, au kama shule iko mbali piga picha na simu ukawaoneshe darasani, halafu wewe kaa kimya, waulize tu: alijuaje? Hapo utamu ndo unaanza. Speke alitokea Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwenzake Burton alibaki kule anaumwa, na habari za ziwa hawakuziota, walielezwa na wafanyabiashara Waarabu wa pale, mmojawapo Snay bin Amir, kwamba huko kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na kuongea aliongea kupitia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo akafikishwa mpaka India, wakawa wanaelewana kwa Kihindi. Alipofika huku aliona kipande cha kusini tu cha Ziwa Victoria, akakaa siku chache akageuza. Mto unaotoka ziwani hakuuona kabisa! Aliuona Julai 1862 kule Jinja, safari nyingine kabisa. Na Burton bado aligoma kukubali, ubishi ukaenda mpaka 1875 mpelelezi mwingine, Stanley, alipotoka na boti yake ufukwe wa Kageye, sio mbali na hapa mjini, akalizunguka ziwa kwa karibu miezi miwili, ndo ikathibitika ni ziwa moja kubwa na sio vidimbwi vingi vilivyotenganishwa.

Kwa hiyo siku ile ya Agosti 1858 Speke alikuwa na dhana, dhana iliyokuja kuwa ya kweli sawa, lakini ushahidi mkononi hakuwa nao. Mwanafunzi wa kidato cha pili akilielewa hili vizuri ameshajifunza kitu ambacho madesa, yaani notisi za kukariri, hayampi. Na atauliza mwenyewe bila kusukumwa, mbona Bombay hayupo kwenye bamba, mbona hao waliokuwa wanavua hapa siku zote hawapo. Usikimbilie kumjibu, mwache abishane na wenzie, tena kwa Kiswahili. Tangu somo la Historia ya Tanzania na Maadili lianze 2024, na linafundishwa kwa Kiswahili, kuna wanafunzi waliokuwa wanakaa kimya kwenye History ya Kiingereza sasa wanaongea mpaka kengele inagonga.

Walimu wa kidato cha kwanza mnaohangaika na topiki ya vyanzo vya historia, mnaandika ubaoni masimulizi, akiolojia, maandishi, makumbusho, watoto wanakopi, basi imeisha. Jaribuni kuwapa Katuruka, ipo ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba. Wazee wa Kihaya walikuwa na masimulizi ya mfalme Rugomora Mahe na mambo ya kufua chuma, wanaakiolojia wakayafuata masimulizi hayo hayo, wakachimba, wakakuta mabaki ya uyeyushaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Yaani hadithi ya babu ndo iliyoonesha pa kuchimba. Mtoto aliyeelewa mfano huu hawezi tena kuandika kwamba masimulizi ni chanzo dhaifu akaishia hapo, ataandika yana nguvu wapi na yanahitaji kusaidiwa wapi, na mtahini anachotafuta ni hicho.

Sasa pamba, na hapa naomba mnivumilie maana hii topiki naipenda. Wanafunzi wanasoma uchumi wa kikoloni na harakati za uhuru kama vitu viwili mbalimbali, wiki hii hiki, mwezi ujao kile, mtoto haoni vinakutana wapi. Vinakutana kwenye mzani. Wakulima wa Usukumani walikuwa wanapeleka pamba kwa wanunuzi na wanapunjwa kwenye vipimo, wengi hawakujua kusoma mzani, anachoambiwa ndo hicho hicho anapokea. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuingia 1950 wakaanza kujipanga, wakaweka watu wao wanaojua kusoma mzani kwenye vituo vya kununulia, wasimame pale pale wakati mzigo unapimwa. Jambo dogo eti. Kutoka hapo ikazaliwa Lake Province Growers Association chini ya Paul Bomani, vikafuata vyama vya msingi, na 1955 shirikisho lao la Victoria Federation ambalo lilikuja kuwa moja ya vyama vya ushirika vikubwa kabisa Afrika. Bomani huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa waziri wa fedha wa Tanganyika huru.

Na serikali ya kikoloni iliona linakoelekea. TANU imeanzishwa 1954, mwaka huo huo ikapigwa marufuku huku Kanda ya Ziwa mpaka 1958, wakati watu wameshachoka na amri za kupunguza ng'ombe na kulima kwa kulazimishwa. Mwaka 1958 watu wa Geita wakaandamana mpaka Mwanza mjini kupinga mabaraza ya mseto, yaani ya kuchanganya watu wa rangi mbalimbali, waliyoletewa. Mwalimu akileta mzani darasani, hata ule wa kuning'iniza wa kupimia dagaa, akamwambia mwanafunzi mmoja awe mnunuzi, mwingine mkulima asiyejua kusoma namba, dakika kumi tu darasa zima litaelewa kwanini ushirika na uhuru vilikuwa kitu kimoja. Kila mtoto wa Mwaloni, kwenye soko letu la samaki, anajua kupunjwa kipimo kunaumaje.

Reli ilifika hapa 1928. Kabla ya hapo pamba ilikuwa inavuka ziwa kwenda Kisumu ikapanda reli mpaka Mombasa, waoneshe kwenye ramani, inatosha.

Kuna jambo la kwenda nalo taratibu. Meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, wanafunzi wetu hawakuwa wamezaliwa ila wazazi wao wanaikumbuka siku hiyo, na idadi ya waliokufa inatajwa tofauti kutegemea unayemuuliza au unachosoma. Kwa somo la kulinganisha vyanzo hakuna mfano wa karibu zaidi. Lakini usimtume mtoto akamuulize bibi yake aliyempoteza mtu mle ndani kama vile anajaza fomu. Aombe ruhusa kwanza, aliyekataa aachwe, na asirekodi kwa siri. Makaburi ya waliokufa kwenye ajali hiyo yapo Igoma, darasa likienda liende na adabu.

Najua mwalimu mwenye wanafunzi themanini kwenye darasa moja anasoma hapa anacheka. Bajeti ya ziara hakuna, silabasi haijaisha, mitihani inakuja. Hatumwambii abadilishe kila kipindi, kipindi kimoja kwa mwezi kinatosha, na sio lazima gari likodishwe kwenda makumbusho ya Bujora pale Kisesa ingawa mkipata nafasi nendeni. Ukiwagawa makundi ya watu kumi kumi, kila kundi chanzo kimoja, unasahihisha kazi nane badala ya themanini.

Kwa likizo hii mpe mwanafunzi kazi moja tu. Atafute mtu mzima wawili wanaoishi mtaa mmoja, awaulize kila mmoja peke yake mtaa huo ulianzaje na nani alikuwepo mwanzo, aandike majibu kama yalivyosemwa bila kuyapamba, kisha aandike ukurasa mmoja: wanapishana wapi, na yeye anamwamini nani zaidi na kwa sababu gani. Maksi nyingi ziwekwe kwenye hiyo sababu.