Betri za jeshi: kwa nini wasiongeze tu ukubwa?

Mafundi wenzangu wa bodaboda za umeme hapa Dar wananiuliza sana, jeshini si wangechukua tu hizi hizi litiamu-ayoni wakaziongeza ukubwa? Sasa tatizo lenyewe ndo hilo, nani atazibeba. Askari wa miguu wa Marekani akienda doria ya saa 72 anatembea na betri za kama kilo 7 mpaka 9, redio, GPS, miwani ya kuonea usiku vyote vinakula chaji, na hapo bado maji na risasi.

Betri ya litiamu-ayoni ikishafungwa kwenye kasha gumu la kijeshi inakupa kama wati-saa 150 mpaka 200 kwa kilo. Kilo moja ya methanoli, aina ya spiriti inayotumika kama mafuta, ina kama 5,500, ndo maana wanahangaika na fyueli seli, yaani mashine inayogeuza mafuta kuwa umeme bila kuyachoma. Ila msidanganyike na hiyo namba, nyingi inapotea kama joto, lita moja mwishowe unapata kama kilowati-saa moja tu, ambayo kwa betri ungebeba kilo 5 au 6. Na mashine nayo ina uzito wake, kwa hiyo safari ya siku moja hamna unachookoa, faida inaanza safari ikiwa ndefu.

Halafu fyueli seli ni nzito kushtuka, ukibonyeza redio kurusha ujumbe inataka umeme mwingi ghafla, haiwezi. Kwa hiyo lazima iwepo na betri ndogo, yaani ni kama simtanki na kijipampu cha kisima, pampu inajaza polepole usiku kucha, we ukifungua bomba presha ni ya tanki.

Chini ya maji mambo ni tofauti, uzito hausumbui hivyo. Nyambizi ya Ujerumani U-32 mwaka 2013 ilikaa siku 18 bila kuibuka kwa fyueli seli za haidrojeni, ila Wajapani na Ōryū yao ya 2020 wakaenda na litiamu-ayoni.

Na zile betri za aina nyingine, litiamu-salfa? Kwa nadharia inafika wati-saa 2,500 kwa kilo na salfa ni bei poa, lakini ukichaji na kutumia salfa inayeyuka inahamia upande wa litiamu, betri inachoka mapema. Mi hela yangu nisingeiweka huko bado.

Kinachonisumbua zaidi ni joto la fyueli seli. Kwa jua la Januari hapa kwetu kuipoza hiyo mashine ni kazi, na adui mwenye kamera ya infraredi, ile inayoona joto, anaiona ikiwaka kabla hajamwona aliyeibeba.