Kupitia notsi ni kufanya nini hasa? Maana ya marudio kwa mwanafunzi

Neno marudio tunalitumia ovyo sana. Mwanafunzi amekaa na kaunta buku lake, anafungua ukurasa baada ya ukurasa, macho yanatembea juu ya mistari, masaa mawili yamekatika, ukimuuliza anakwambia napitia notsi. Na kweli anapitia, kama abiria anavyopita mtaa na daladala kila siku, nyumba zote anazijua kwa sura ila mshushe hapo umuulize mlango wa fulani uko wapi, hajui. Marudio ninayoyasema mimi ni kukitoa kichwani kile ulichoingiza, daftari likiwa limefungwa, alafu ndo unafungua kuangalia umekosa wapi.

Nilikuja kuliona hili vizuri kwa mdogo wangu, yuko form three, likizo ya mwezi wa sita nilikuwa nakaa nae jioni tunapiga msuli wa Bailojia. Akaniambia dada osmosisi nimeshasoma mara tatu, tuendelee mbele. Nikamwambia sawa, funga daftari unieleze. Akaanza na Kiingereza chake cha daftarini, vizuri kabisa, akafika katikati ya sentensi neno likagoma, akarudi mwanzo akaenda tena kwa spidi kama mtu anayetafuta kasi ya kuruka mtaro, akakwama palepale. Nikamuuliza, mdogo wangu, kachumbari ukiikata vizuri ukaitia chumvi ukaiacha kwenye bakuli, baada ya muda mbona inajaa maji? Akasema si chumvi inayeyuka. Nikanyamaza. Maana hapo ndo nimejua ile definisheni aliyoisoma mara tatu ilikuwa haijawahi kugusa kitu chochote anachokijua. Maji yanatoka ndani ya seli za nyanya na kitunguu yanafuata kule kwenye chumvi nyingi, yanapita kwenye utando unaoachia maji na kuzuia vingine, osmosisi yote iko pale kwenye bakuli la mama jikoni.

Sasa turudi kwenye hizo notsi zenyewe zilivyopatikana. Shule nyingi tunajua inavyokuwa, mwalimu anampa monita daftari, monita anaandika ubaoni, darasa zima linanakili kimya, kengele inalia. Mkono umefanya kazi, kichwa kilikuwa kinawaza lunchi. Watu wanaochunguza haya mambo, Di Vesta na Gray, mwaka 1972 walitenganisha kazi mbili za notsi na mimi huwa naona ni mgawanyo unaosaidia sana: ya kwanza ni kile kinachotokea kichwani wakati unaandika, yaani unachagua, unapanga, unaunganisha na unachokijua, na ya pili ni kuwa na kitu cha kurudia baadae. Notsi za kunakili zinakupa hiyo ya pili peke yake. Na madesa ya kufotokopi chuoni ni hivohivo, hata ile kazi ya mkono hukuifanya, na usipoyafungua mpaka wiki ya yuii, ile mitihani ya mwisho ya chuo, basi yote mawili umekosa.

Kuna utafiti wa 2014 wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer Marekani uliosemwa sana, kwamba wanaoandika kwa mkono walifanya vizuri kuliko wanaotaipu kwenye laptopu kwenye maswali ya kuelewa. Watu waliubeba wakaanza kusema kompyuta mbaya. Waliorudia jaribio baadae, 2019 kwa mfano, hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho, kwa hiyo mi nisingeng'ang'ania sana kalamu. Kilichobaki na maana kwangu ni ile sababu waliyoitoa, kwamba anayetaipu haraka anaandika neno kwa neno kama alivyosikia, na wa kalamu hawezi kuwahi yote kwa hiyo inabidi achague na afupishe kwa maneno yake. Ukinakili ubao neno kwa neno kwa kalamu, uko kundi moja na yule wa laptopu.

Na hapa kwetu Tanzania kuna jambo linaumiza zaidi na silioni likisemwa vya kutosha. Mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, anafika sekondari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Unamwambia andika kwa maneno yako, maneno yake yako wapi? Kwa Kiingereza hana ya kutosha bado, kwa hiyo anashika sentensi ya ubaoni kama ilivyo, neno moja likimtoka sentensi nzima imeanguka, ndo kilichomtokea mdogo wangu. Ushauri wangu, na najua wapo walimu watakaoukataa, ni aandike definisheni kwa Kiingereza sababu mtihani ndo unavyotaka, ila pembeni aandike kwa Kiswahili chake cha nyumbani hiki kitu maana yake nini. Mdogo wangu pembeni ya osmosisi aliandika "kachumbari, maji yanaikimbilia chumvi". Mwalimu akiona atashangaa ila yeye akiona anakumbuka yote.

Kuhusu kusahau, tusijilaumu kupita kiasi, kichwa ndo kilivyo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, alikuwa anakariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, anasubiri muda fulani, anazikariri upya, anapima safari ya pili imempunguzia kazi kiasi gani. Baada ya saa moja alikuwa anaokoa kama 44% tu ya ile kazi ya mwanzo, baada ya siku moja 34%, baada ya mwezi 21%. Somo lenye maana halipotei haraka hivo lakini umbo la kupotea linafanana, mwanzoni linaporomoka kwa kasi alafu kinachobaki kinaondoka polepole. Ndo maana dakika kumi za jioni ileile uliyofundishwa zina thamani kubwa, na ndo maana kusoma topiki Jumatatu, ukaigusa Jumatano, ukaigusa tena wiki inayofuata inashinda masaa sita ya mfululizo usiku mmoja.

Ila kuigusa kwa namna gani, hapo ndo penyewe. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke kule chuo kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma, kimoja wakakisoma tena, kingine badala ya kukisoma tena wakaambiwa waandike kwenye karatasi tupu chochote wanachokumbuka, hawasahihishiwi wala nini. Wakipimwa baada ya dakika 5 tu, kusoma tena kunashinda, 81% kwa 75%. Wakipimwa baada ya wiki, kimegeuka, kusoma tena 42%, kujiandikia kutoka kichwani 56%. Na kwenye jaribio lao la pili waliosoma tena na tena ndo walikuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka! Hili mi naliona ndo kiini cha kilio cha wanafunzi wetu wengi, usiku unafunga daftari unajiona umeiva kabisa kwa sababu kila mstari unaufahamu ukiuona, sasa pepa haikuonyeshi mstari, inakupa swali na nafasi wazi.

Kupiga haileta za njano na kijani nako kusikudanganye, kuna mapitio makubwa ya mwaka 2013 ya John Dunlosky na wenzake walipima mbinu kumi za kusoma, kupigia mistari na kusoma tena zikaangukia kundi la faida ndogo, kujipima na kuachanisha siku za kurudia zikakaa juu.

Kwa vitendo, mi nilimchorea mdogo wangu mstari kwenye kaunta buku, theluthi ya kushoto ikabaki wazi. Hii siyo yangu, ni ya Walter Pauk wa chuo kikuu cha Cornell, miaka ya 1950 huko. Kulia zinakaa notsi za darasani, kushoto jioni unaandika maswali, maswali tu, "kwa nini seli ya mmea haipasuki ikijaa maji?", alafu siku ya kurudia unafunika kulia kwa karatasi, unasoma swali, unajibu kwa mdomo au unaandika nyuma ya daftari la zamani, unafunua. Uliyopata weka tiki, uliyokosa weka duara, na kesho kutwa unaanza na za duara. Wiki ya kwanza alichukia kwa sababu inachosha na inakuonyesha usivyojua, akaniambia dada hii inanifanya nijione mjinga. Nikamwambia hapana, hapo unapohangaika kukumbuka ndo kichwa kinafanya kazi yenyewe, vumilia. Jioni ya tatu au ya nne alipata maswali saba kati ya kumi bila kufunua, hakusema kitu, akageuza ukurasa akaendelea mwenyewe.

Kama mtihani uko wiki ijayo na notsi zako hazina maswali hata moja, usianze kuchora mistari saa hizi. Tafuta past pepa za somo hilo, kaa na saa, daftari liwe chumba kingine, jibu mpaka mwisho hata unapobahatisha, ndo ukalichukue daftari na usome yale tu uliyokosa. Kesho yake yafanye yaleyale uliyokosa, tena bila daftari.