Presha imeshuka, lakini moyo umepimwa?

Mama mmoja mchuuzi wa dagaa alikuja kliniki na kadi iliyochakaa, miaka sita ya kutibiwa presha. Mashine ikasoma 134/82. Akafurahi, akataka dawa zake awahi sokoni.

"Mama, siku hizi unapandaje kilima kutoka Kibirizi?"

Furaha ikapungua. "Napumzika mara tatu, mwanangu. Zamani nilipanda na beseni kichwani huku napiga soga."

Usiku alilalia mito mitatu. Akilala chali anapaliwa. Alikuwa amezunguka miezi kadhaa na dawa za pumu alizopewa kwingine. Nikambonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, nikashikilia kidogo, nikaachia. Shimo likabaki, dalili ya maji kujaa mwilini.

Hakuna mashine ya kupima moyo iliyokuwa imewashwa bado, na tayari tulishajua pa kuelekea: moyoni. Ndiyo maana nawaomba wagonjwa wa presha wa Kigoma: mkifika kliniki, msitoe mkono tu. Semeni habari ya pumzi, ya usingizi na ya miguu, hata msipoulizwa.

Mashine ya presha hupima nguvu ya damu kwenye mishipa. Moyo wenyewe haiuoni. Tena namba ya siku ya kliniki hudanganya, kwa sababu wapo wanaoacha dawa wiki tatu kisha wakazimeza siku mbili kabla ya tarehe. Presha ikikaa 140/90 au zaidi kwa miaka, chumba cha kushoto cha moyo, kinachosukuma damu mwili mzima, huwa kama mkono wa anayetwanga muhogo kila siku: msuli hujaa. Kwa mkono ni nguvu, kwa moyo ni ugonjwa. Ukuta hunenepa na kukakamaa, chumba kinashindwa kulegea kupokea damu, damu inarudi kusongamana mapafuni, na pumzi inakatika. Miaka ikizidi, msuli huchoka na moyo hutanuka.

Kipimo cha kwanza ni cha umeme wa moyo, ECG. Unalala, unabandikwa waya kumi kifuani, mikononi na miguuni, na baada ya dakika chache karatasi inatoka. Hakipigi shoti, kinasoma umeme ambao moyo wako unautengeneza wenyewe. Kinaonyesha mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo huweza kuleta kiharusi, na alama za shambulio la moyo lililopita. Ila naomba hili lishikwe: ECG safi si cheti cha moyo mzima. Moyo ulionenepa mara nyingi hupita hapo bila kuonekana.

Anayeishiwa pumzi au kuvimba miguu anahitaji ECHO, ndugu wa ultrasaundi ya wajawazito. Jeli ya baridi kifuani, kifaa kinasogezwa taratibu, na moyo unaonekana ukidunda kwenye skrini. Ukuta wa kawaida hauzidi milimita 11 hivi. Wa yule mama ulikuwa 14. Nguvu ya kusukuma ilikuwa asilimia 60, akashtuka akidhani moyo umepoteza asilimia 40. Hapana, mama, hakuna moyo unaosukuma nje damu yote kwa pigo moja. 60 ni ya mtu mzima wa afya. Shida yake ilikuwa ukakamavu wa ukuta.

Vipimo vya figo, sukari, lehemu (mafuta kwenye damu) na protini kwenye mkojo huenda sambamba na hivyo.

Wachache watahitaji kuchunguzwa mishipa ya moyo kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani, na hao hupewa rufaa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Usiuze mtumbwi kwenda huko kabla ECG na ECHO hazijasomwa na daktari akakwambia unahitaji kipimo hicho cha mrija.

Lakini kifua kikibana na maumivu kupanda taya au mkono, jasho likakutoka, au pumzi ikakatika ghafla, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Yule mama tuliongeza dawa ya kupunguza maji mwilini, tukabadilisha ya presha, za pumu zikaachwa. Analalia mto mmoja. Juzi nimemuuliza tena habari ya kilima: anapumzika mara moja, chini ya mwembe, kisha anamalizia.